Ng'ombe anayerudia joto: tazama kizazi kwanza

Ndugu mfugaji wa Unguja au Pemba, ng'ombe wako wa maziwa anapopandishwa na kila baada ya siku 21 hivi akarudi kwenye joto, yaani akataka tena kupandwa, usikimbilie kumlaumu dume wala mhimilishaji, yule anayempandikiza mbegu kwa mrija. Kitazame kwanza kizazi, hasa ikiwa alipozaa kondo la nyuma lilichelewa kutoka au ndama alivutwa kwa nguvu. Asubuhi, anapoinuka, angalia sakafu ya banda alipolala na shina la mkia wake: ute wa joto huwa mwangavu na hunyumbuka kama ute wa yai, ilhali ute wenye vipande vyeupe vya usaha wiki tatu au zaidi baada ya kuzaa ni dalili ya maambukizi.

Hapo mwite daktari wa mifugo, kwani ndiye atakayempima na kuamua kama atatia dawa ya antibiotiki ndani ya kizazi au atapiga sindano ya homoni inayomrudisha ng'ombe kwenye joto ili uchafu utoke. Maziwa ya siku za antibiotiki yasinywewe wala kuuzwa mpaka muda alioagiza daktari uishe.

Kondo lililokwama, nakusihi, usilivute wala usilifunge jiwe, maana huchubua ukuta wa kizazi na kufungua njia ya vijidudu. Usiliguse kwa mikono mitupu pia, kwa sababu bruselosi, ugonjwa unaotupisha mimba, humwambukiza na binadamu.