Kuendesha jenereta la saa za kilele Mbeya bila moshi mweusi

Mji wa Mbeya uko takribani mita 1,700 juu ya usawa wa bahari, na hewa yake ni nyepesi kwa asilimia 15 hivi kuliko ya Pwani. Injini ya dizeli isiyo na turbo (feni inayosukuma hewa zaidi ndani ya injini) hupoteza asilimia 3 hadi 4 ya nguvu kwa kila mita 300 za mwinuko, kwa hiyo iliyoandikwa kilowati 100 ihesabie 80. Fundi akiiongezea dizeli ili zirudi 100, hewa ya kuichoma haipo: dizeli inatoka kwenye eksozi ikiwa masizi, na injini inachemka.

Kabla mzigo, yaani umeme unaotumika, haujapanda jioni, fungua koki ya kitenganisha maji, mwaga mpaka itoke dizeli tupu. Juni na Julai, baridi ya usiku huacha matone ya maji ndani ya tanki la dizeli lililo nusu, hivyo lijaze mara tu ukizima mashine, usingoje asubuhi.

Washa, subiri dakika 3 hadi 5, kisha pandisha mzigo kwa hatua: robo, nusu, robo tatu. Kosa linaloua mashine nyingi ni kuziacha zizunguke kwa saa nyingi chini ya asilimia 30 ya uwezo. Silinda hazipati joto la kutosha, na dizeli isiyoungua huchanganyika na masizi hadi uji mweusi unachuruzika kwenye maungio ya eksozi. Ukiwa na mashine mbili na mzigo mdogo, zima moja.

Moshi mweusi ukibaki hata mzigo ukiwa sahihi, anza na chujio la hewa. Vumbi la kiangazi huliziba haraka. Halafu kagua mipira ya turbo kama inavuja, ndipo ushushe nozeli (zinazonyunyiza dizeli ndani ya silinda) zikapimwe. Moshi wa buluu ni oili inayoungua, mara nyingi ringi za pistoni zimekwisha au sili ya turbo imechoka. Mweupe ukiendelea injini ikiwa ya moto, pima maji ya rejeta. Yakipungua, shuku gasketi ya silinda hedi.

Hewa ukaa haina rangi, huhesabiwa kwa dizeli: lita moja hutoa kilo 2.7 hivi. Kwa mfano, kilowati 400 kwa saa 4 ni uniti 1,600. Kwa lita 0.27 kila uniti unachoma lita 432, yaani kilo 1,160 hivi za hewa ukaa. Andika lita na uniti kila zamu. Lita kwa uniti zikianza kupanda, rudi kwenye chujio na nozeli hata kama moshi bado hauonekani.