Modemu ya USB ikinyamaza, Linux iiamshe yenyewe

Kompyuta ndogo iliyowekwa juu ya kilima kule Bagira, Bukavu, haina mtu wa kupanda kila mara kuchomoa modemu na kuirudisha. Taa inawaka, lsusb (orodha ya vifaa vya USB) bado inaionyesha, lakini hakuna kinachopita. Hapa tutaifundisha Linux kuichomoa na kuichomeka yenyewe. Kuwasha upya kompyuta nzima kwa ajili ya modemu nakukataza: hifadhidata ikikatwa katikati ya kuandika, hasara yake inazidi saa moja bila intaneti.

Kwanza jua modemu imekaa poti gani. Ichomeke, kisha andika:

sudo dmesg | grep -i usb | tail

Utaona mstari kama "usb 1-1.2: new high-speed USB device number 5". Wengi hushika hiyo 5, na skripti inakufa kesho yake, kwa sababu namba hiyo hubadilika kila modemu inapojitokeza upya. Wewe shika 1-1.2 (au ile unayoiona kwako). Hiyo ndiyo njia ya waya wenyewe: basi la USB la kwanza, poti ya kwanza, halafu poti ya pili ya habu (kigawanyaji cha poti). Usipohamisha modemu, haibadiliki.

Jaribu kwa mkono:

echo 0 | sudo tee /sys/bus/usb/devices/1-1.2/authorized
sleep 5
echo 1 | sudo tee /sys/bus/usb/devices/1-1.2/authorized

Kerneli (kiini cha Linux) inaikana modemu, kisha inaipokea kama ngeni. Ikirudi hewani, andika faili /usr/local/bin/amsha-modemu:

#!/bin/bash
P=/sys/bus/usb/devices/1-1.2/authorized
for i in 1 2 3; do
  ping -I wwan0 -c 2 -W 5 8.8.8.8 >/dev/null 2>&1 && exit 0
  sleep 20
done
logger "modemu kimya, naiamsha"
echo 0 > $P
sleep 5
echo 1 > $P

Badala ya wwan0 weka jina unaloliona kwa "ip a". Modemu za zamani mara nyingi ni ppp0. Kule kurudia mara tatu usikuondoe hata kidogo. Mtandao ukilemewa jioni, ping hupotea bila modemu kuwa na kosa, na skripti yenye haraka itakuwa inakukatia laini nzima.

Ipe ruhusa kwa "sudo chmod +x /usr/local/bin/amsha-modemu", fungua "sudo crontab -e", ongeza mstari wa kuiendesha kila dakika tano:

*/5 * * * * /usr/local/bin/amsha-modemu

NetworkManager huunganisha tena yenyewe. Ukitumia wvdial, ongeza mwishoni mwa skripti amri ya kuianzisha upya.

MASWALI

– Fundi, modemu inarudi, lakini lsusb inaandika 12d1:1446 na wwan0 haipo.

Imerudi ikijifanya CD ya programu za Windows, Huawei nyingi huanza hivyo. Sakinisha usb-modeswitch, itaigeuza yenyewe kila ikitokea.

– Kaka, niko Nguba, karibu na mpaka wa Rwanda. Mega ninazo, lakini skripti inaamsha modemu usiku kucha.

Andika "mmcli -m 0" (badala ya 0, hapa na chini, weka namba unayoiona kwa "mmcli -L", maana hubadilika modemu ikiamshwa), tazama mstari wa operator id. Ukianza na 635 umeshika mnara wa Rwanda; wa Kongo huanza na 630. Hapo modemu ni nzima, kuiamsha hakusaidii. Ifunge kwenye mtandao wako:

sudo mmcli -m 0 --3gpp-register-in-operator=NAMBA

NAMBA ni ile ya mtandao wako inayoanza na 630. Kisha tumia waya wa USB kuisogeza kwenye dirisha linalotazama mjini, si mpakani.

– Mimi niko Kadutu. Moto (umeme) ukiwa dhaifu, modemu haiamki hata kwa skripti.

Mama, hiyo authorized haikati umeme, modemu inaendelea kulishwa ikiwa imeganda. Poti ya USB 2.0 imepangiwa miliamperi 500, na modemu inayotafuta mnara wa mbali huzihitaji karibu zote. Anza na habu yenye chaja yake. Kuna pia uhubctl, inayokata umeme wa poti, lakini si kila habu inaikubali. Kwenye Raspberry Pi 4 poti zote nne hukatika pamoja, kwa hiyo ukiwa na diski ya nje kwenye mojawapo, usiitumie.