Kompyuta imehamia sabneti mpya, anwani bado ni ya zamani

Jumamosi jioni kijana niliyewahi kufanya naye kazi alinipigia simu: "Kaka, wahasibu nimewahamishia VLAN 30. Mashine nyingi zimekubali, sita zimegoma, bado zinang'ang'ania 192.168.10." VLAN ni kipande cha mtandao kilichotengwa ndani ya swichi, na kwa kawaida kila kimoja kina sabneti yake, yaani kundi lake la anwani; 192.168.10 ndilo kundi la zamani. Nikamwuliza, chini ya meza zao kuna nini? Akanyamaza. Jibu liko hatua ya 3.

Hatua ya 1. Kwenye cmd andika ipconfig /all, usome mstari wa DHCP Enabled (DHCP ni huduma inayoipa kompyuta anwani yenyewe). Ikiwa No, kuna mtu aliandika anwani kwa mkono. Fungua ncpa.cpl (dirisha la kadi za mtandao), rudisha iwe otomatiki, umemaliza. Ukikuta anwani inaanza na 169.254, huo ni ugonjwa mwingine: hakuna seva ya DHCP iliyojibu, na mara nyingi ni kwa sababu VLAN mpya haijawekewa ip helper-address, amri inayopeleka maombi ya anwani kwa seva iliyo mtandao mwingine.

Wapo mafundi ambao mashine ikigoma wanaiandikia anwani mpya kwa mkono, wanaondoka. Mimi sikubali. Idara ikihama tena utazitafuta moja moja.

Hatua ya 2. ipconfig /release (achia anwani), kisha ipconfig /renew (omba upya). Kaa mbele ya mashine yenyewe; ukiwa umeingia kwa mbali, ile release itakukata wewe kwanza. Kwenye Linux yenye dhclient, dhclient -r halafu dhclient.

Hatua ya 3. Hapa niliwahi kupoteza nusu siku. Kompyuta haijui habari za VLAN. Kinachoifanya iulize upya ni waya kukatika: taa ya poti izime, iwake. Sasa ukibadilisha VLAN ya poti kwenye swichi kuu, na kompyuta imechomekwa nyuma ya simu ya mezani ya IP au kwenye kiswichi cha matundu matano, waya wake haukukatika hata sekunde moja. Kwake hakuna kilichotokea.

Na anwani ya DHCP ni ya kupanga. Windows Server, usipoigusa, hupangisha kwa siku 8. Siku ya 4 mpangaji, yaani kompyuta, humfuata mwenye nyumba wake, yaani seva, moja kwa moja aongezewe muda, lakini njia inapita lango la zamani, ambalo halifikiki tena. Anavumilia. Muda ukifika asilimia 87.5, yaani siku ya 7, ndipo anapaza sauti kwa mtandao mzima, na seva inamwambia anwani hiyo si ya hapa. Wiki nzima mhasibu hana mtandao!

Dawa ni kukata waya wa kompyuta yenyewe. Ukipiga shutdown kisha no shutdown (kuzima na kuwasha) kwenye poti ya swichi kuu, simu inayopata umeme kupitia kebo ya mtandao itazima na kuwaka, na kompyuta iliyo nyuma yake itashtuka. Simu yenye adapta yake ukutani haitazima. Kiswichi nacho hakitazima, na hicho ndicho kilichonitesa: nilipiga shutdown mara sijui ngapi, kumbe kilikuwa nyuma ya boksi la tona, kimejaa vumbi, taa zinacheza. Chomoa umeme wake, hesabu kumi, rudisha.

Kama seva yako ya DHCP ni isc-dhcp-server ya Linux, hakikisha faili lake la mipangilio, dhcpd.conf, lina neno authoritative. Na nukta-mkato yake. Bila hilo, seva ikiombwa anwani isiyo ya mtandao huo haikatai, inakaa kimya tu, na mpangaji anaendelea kusubiri.

Hatua ya 4. Umeachia, umeomba upya, ukarudishiwa 192.168.10? Acha kuilaumu kompyuta. Seva hutoa anwani kulingana na mahali ombi lilipotokea, kwa hiyo poti bado iko VLAN ya zamani. Piga show vlan brief kwenye swichi uone kila poti iko VLAN gani. Kama poti iko sawa, angalia kama kuna aliyeunganisha sabneti zote mbili kwenye superscope moja, yaani fungu moja ambalo seva huchota anwani za sabneti yoyote kati ya hizo.

Hatua ya 5. Ukiping kwa jina ukaona nambari ya zamani, hiyo ni DNS, daftari linalotafsiri majina kuwa anwani. ipconfig /registerdns kwenye mashine iliyohama ijiandikishe upya, ipconfig /flushdns kwenye yako isahau ya zamani.

Safari ijayo punguza muda wa kupangisha uwe saa moja, na ufanye hivyo wiki nzima kabla ya kuhama, maana mashine haitaujua muda mpya mpaka iende kuongeza ule wa zamani. Kijana wangu alikuwa ameupunguza asubuhi ileile.