Dalili za chuma kuzidi mwilini, somo kwa wenye wagonjwa wa sikoseli

Habari zenu wapendwa. Mwanangu ana sikoseli, ana miaka 11 na ashaongezewa damu mara nyingi sana, leo naomba tuongelee chuma kuzidi maana dalili yake ya kwanza ni uchovu, uchovu uleule wa kuishiwa damu, kwahiyo mzazi anaongeza fefo (vidonge vya kuongeza damu vyenye chuma) kumbe anazidisha tatizo. Mimi nilifanya hivyo miezi minne na bado inaniuma.

1. Hesabu chupa. Chupa moja ya damu ya mtu mzima ina chuma kama miligramu 200 mpaka 250, na mwili unatoa miligramu 1 au 2 tu kwa siku, kingine chote kinabaki kwenye ini, moyo na kongosho. Andika kila tarehe kwenye daftari, chupa zikifika 10 ongea na daktari.

2. Mwangalie. Viungo kuuma, tumbo kuuma kulia juu penye ini, ngozi kuzidi weusi, moyo kwenda mbio, kiu na kukojoa sana (hapo inaweza kuwa sukari imeanza), kuchelewa kubalehe, hedhi kukata. Ila nyingi zinatokea mwili ushaumia jamani, msizisubiri.

3. Pima feritini (kipimo cha damu kinachoonyesha akiba ya chuma mwilini), sio HB (wingi wa damu) peke yake. Ikikaa juu ya 1000 daktari anafikiria dawa ya kutoa chuma. Usipime mtoto akiwa na homa, maambukizi nayo yanaipandisha.

4. Soma pakiti! Watoto wetu wanaandikiwa foliki (vitamini ya kusaidia kutengeneza damu, haina chuma), fefo ni foliki na chuma pamoja. Mimi duka la dawa walinipa fefo wakasema ni ileile.

MASWALI

Swali: Dada, wangu anakunywa fefo choo kimekuwa cheusi, ndo kimezidi?
Jibu: Hapana mpenzi, hicho ni chuma ambacho hakijanyonywa. Ila kama hanywi fefo na choo ni cheusi kama lami, hospitali.

Swali: Tuache mchicha na maharage?
Jibu: Mpe tu ale, mzigo mkubwa unatoka kwenye damu anayoongezewa. Vidonge vya vitamini C ndo usimpe bila kumuuliza daktari, vinafanya chuma kinyonywe zaidi.

Swali: Mdogo wake wa miaka 2 kameza fefo za kaka yake asubuhi, sijui ngapi, katapika ila sasa hivi anacheza, nimwangalie kwanza?
Jibu: Usimwangalie mama, nenda hospitali SASA HIVI na pakiti ubebe, anaweza kutulia hivyo masaa kadhaa afu akazidiwa ghafla. Ukifika utuandikie.