Kabla hujampeleka mzee kupigwa picha ya presha ya macho

Unayetoka Tanga kumpeleka mzazi Dar au Moshi kwa kipimo cha glakoma, yaani ugonjwa wa presha ya macho unaokula mshipa wa fahamu wa jicho, soma kwanza, tiketi utakata baadaye.

Piga simu uulize kama mashine inafanya kazi na kama bima inalipia. Wanja usipakwe. Andika dawa zote anazotumia, na kama ana pumu useme, maana timolol, tone linalotolewa sana kwa ugonjwa huu, linaweza kumbana pumzi.

Akitiwa matone ya kupanua mboni ataona ukungu kwa saa kadhaa na jua litamuumiza. Kofia, miwani ya jua, na mtu wa kumshika mkono. Hata kama kipimo ni hapahapa mjini, baiskeli ibaki nyumbani siku hiyo.

Sasa picha za zamani. Hapa nisikilize vizuri.

Baba yangu alipogundulika alipigwa picha ya OCT, ile inayopima unene wa nyuzi za mshipa wa jicho. Tukapewa karatasi yenye rangi, tukaitupia juu ya kabati, ikapotea tulipohama Makorora. Hatukujali, tukijua ipo kwenye kompyuta yao. Tumerudi baada ya miaka miwili, mashine imebadilishwa na faili halionekani. Picha mpya ikaonyesha nyuzi za upande wa juu ni nyembamba mno. Kwa macho mazima wastani ni karibu mikroni 100, yaani sehemu ya kumi ya milimita. Daktari akauliza: zilikuwa hivi tangu mwanzo, au zimeliwa miaka hii miwili? Tukabaki kutazamana. Kama ni za tangu mwanzo, dawa inamfaa. Kama zimeliwa, dawa haitoshi. Presha yenyewe ilikuwa 17, ndani ya zile 10 hadi 21 zinazohesabiwa kawaida, na glakoma hula mshipa hata hapo. Ikabidi tungoje miezi sita ipigwe nyingine. Zilikuwa zinaliwa. Kilichopotea hakirudi, na mshipa ukiliwa juu mtu hupungukiwa kuona chini: leo baba anajikwaa kwenye ngazi ya baraza aliyoijenga mwenyewe.

Kwa hiyo dai karatasi kabla hujatoka mlangoni. Ipige picha kwa simu, yote, ionekane tarehe, aina ya mashine na ile namba ya ubora wa picha. Watumie ndugu zako wawili. Safari ijayo omba mashine ya aina ileile, kwani vipimo vya mashine za kampuni mbili havilinganishwi.

Ubora ukiwa mdogo, omba irudiwe. Mtoto wa jicho au macho makavu huharibu picha. Mwambie apepese kwanza. Rangi nyekundu isikutie kiwewe, jicho lenye tatizo kubwa la kutoona mbali linaweza kuonyesha nyekundu bila glakoma. Kijani nayo isikulaze usingizi. Daktari aisome pamoja na kipimo cha eneo la kuona, kile cha kubonyeza kitufe ukiona taa. Kinachosha, kwa hiyo mzee awe amelala na amekula. Usimpandishe basi la usiku akapimwe asubuhi.

Matone yake ya kila siku atie kama kawaida, asipoambiwa vingine. Ninyi watoto na ndugu zake mpimwe pia, ugonjwa huu hutembea katika damu. Na tarehe ya kurudi iandikwe kwenye kadi, msikubali ya mdomo.