Una pumu na unashuka Dar kutoka Mbeya? Angalia haya kabla hujakata tiketi

Wadau wa Mbeya na Nyanda za Juu kwa ujumla, kila siku nasikia watu wanasema Dar hewa mbaya, Mbeya hewa safi, wanamaliza hapo. Kwa mwenye pumu au mwenye mtoto wa pumu hiyo haisaidii kitu, cha kuuliza ni unaenda mwezi gani, utakuwa nje saa ngapi na unafikia upande gani wa mji.

Anza na kifua unachoondoka nacho hapa nyumbani. Mbeya mjini tuko kama mita 1,700 juu, mlima Loleza uko huku, milima ya Uporoto kule, sisi tuko katikati, sasa kuanzia mwezi wa sita mpaka wa nane usiku baridi inazama bondeni na hewa ya joto kidogo inakaa juu yake, basi moshi wa mkaa, wa takataka na wa malori ya Zambia unakosa pa kutokea. Pandisha kidogo kuelekea Loleza saa kumi na mbili na nusu asubuhi utaona utando wa kijivu umelala juu ya mji, jua likikolea kwenye saa tatu saa nne ndo unaanza kuachia. Mwezi wa tisa na wa kumi ongeza moshi wa mashamba na mapori yanayochomwa. Kwa hiyo kama daktari kakupa dawa ya kuzuia, ile ya kila siku, usiiache eti kwa sababu wiki hii umelala vizuri. Na jiko la mkaa kuliingiza chumbani kwa ajili ya baridi, jamani hapana, hiyo inaua hata asiye na pumu.

Dar sasa. Mchana nchi kavu inapata joto haraka kuliko bahari, upepo unaingia kutoka baharini na kusukuma moshi kwenda bara, ndo maana Msasani au Kigamboni mchana unapumua vizuri kuliko ndugu yako aliye mbali na pwani kando ya barabara yenye foleni. Usiku nchi kavu inapoa, upepo unatulia au unageuka, na moshi wa majiko na magari unabaki chini mpaka asubuhi. Basi linaloondoka Mbeya alfajiri linakufikisha stendi ya Mbezi usiku, muda huo huo mbaya, kwa hiyo panga mapema nani anakupokea, usikae stendi unasubiri.

Kwa miezi, kipindi cha upepo wa kusi, mwezi wa sita mpaka wa nane, upepo unasaidia sana na joto limepungua, kama safari inaweza kusogezwa mi ningechagua hapo. Masika, mwezi wa tatu mpaka wa tano, mvua inaosha vumbi lakini unyevu unaleta kuvu ukutani na kwenye magodoro, na mende, vyote vinaamsha pumu, uliza chumba utakacholala kinaingiza hewa.

Pampu ya bluu, ile ya kufungua kifua haraka, iwe kwenye mkoba unaokaa nao, sio kwenye begi la buti, na kama haina namba za kuhesabu usiamini kuitikisa, ikiisha dawa inaendelea kutoa gesi na wewe unadhani umevuta, bora ununue mpya kabla ya safari. Mtoto asiyeweza kuvuta vizuri, chupa ya maji ya nusu litre inatosha: toboa tundu kwenye kitako linalobana mdomo wa pampu pasivuje, mtoto aweke mdomo kwenye shingo ya chupa, bonyeza mara moja, apumue taratibu mara kadhaa.

Barakoa ya kitambaa inazuia vumbi la barabarani tu, chembe za moshi zinazoshuka mpaka ndani ya mapafu ni maikromita 2.5 kushuka chini wakati unywele una kama 70, hapo inatakiwa barakoa ya N95, ile ya kuchuja chembe ndogo, na ibane usoni. Pampu ya bluu ikishindwa kukufungua, au mtoto hawezi kumaliza sentensi, nenda hospitali muda huo huo hata kama ni katikati ya safari.