Seva ndogo ya nyumbani: anza na umeme, prosesa baadaye

Nina duka la steshenari Mwanga, hapa Kigoma. Nyumbani Gungu, juu ya kabati la vyombo, kuna kompyuta ya sentimita 18 kwa 18, unene wake kama vidole viwili. Hiyo ndiyo seva yetu, yaani kompyuta inayokaa imewashwa muda wote, ikitunza mafaili ambayo simu za nyumbani zinayafikia. Imebeba picha za wateja, barua za duka, katuni za watoto, na Wikipedia ya Kiswahili wanayoisoma kwa simu kupitia Kiwix, programu ya kusoma Wikipedia bila intaneti, bila kutumia bando.

Wanaokuja kuniuliza huanza na prosesa, ule ubongo wa kompyuta. Mimi huwauliza kwanza: kwako umeme unakatika mara ngapi kwa wiki, na luku yako inakula uniti ngapi?

Seva haizimwi, kwa hiyo piga hesabu ya mwezi mzima. Kompyuta kubwa ya mezani inayokula wati 60 itamaliza uniti 43 kwa siku 30. Hii yangu, ikiwa imetulia, inakula wati kama 10, yaani uniti 7 na kidogo. Kama uko kwenye ule mpango wa wasiovuka uniti 75 kwa mwezi, lile dubwana peke yake litakuwa limekula zaidi ya nusu kabla hujawasha hata taa.

Mashine za kutafuta ni zile ndogo za maofisini zilizokwisha kutumika: Lenovo ThinkCentre Tiny, Dell OptiPlex Micro, HP EliteDesk Mini. Windows 10 iliacha kuhudumiwa Oktoba 14, 2025, na Windows 11 kwa kawaida inataka prosesa ya Intel ya kizazi cha nane kwenda juu. Ofisi nyingi zinaziondoa za kizazi cha sita na cha saba, wakati Linux, mfumo wa bure unaokaa mahali pa Windows, inakimbia humo bila shida yoyote. Ukipewa hizo mbili uchague, chukua ya saba. Inafungua video za HEVC za biti 10 (aina ya video zilizobanwa sana) bila kuhangaika, ya sita haiwezi bila kuchemka. Namba ya prosesa iishie na herufi T, kama i5-7500T, kwani hizo zimewekewa ukomo wa wati 35. RAM ya GB 8 inatosha nyumba ya watu sita.

Ukiwa kwa muuzaji, usitoe hela kabla hujaingia BIOS, ile kurasa ya mipangilio ya mashine inayofunguka kabla ya Windows. Ikidai nywila asiyoijua, rudisha. Humo humo tafuta sehemu inayouliza mashine ifanye nini umeme ukirudi, uiambie iwake yenyewe. Bila hiyo, umeme ukikatika uko dukani, watakupigia simu mpaka jioni. Adapta nayo iwe yake halisi: Dell isipoitambua adapta, inapunguza kasi ya prosesa, nawe utadhani umeuziwa mashine mbovu.

Sasa diski. Hapa ndipo nilipolia. Mwanzoni nilitumia Raspberry Pi, kile kikompyuta cha bodi moja, na kadi ya kumbukumbu, ile ya simu. Umeme ukakatika mara tatu usiku mmoja, asubuhi kadi haisomeki, na picha za mahafali ambazo wazazi walikuwa wamekwisha kuzilipia zikawa zimekwenda. Tangu hapo mfumo wangu unakaa kwenye SSD, diski isiyo na sehemu inayozunguka. Ukinunua iliyotumika, fungua programu ya CrystalDiskInfo uone afya yake na saa ilizofanya kazi. Na ukiona SSD ya TB 2 kwa bei ya flashi, jua ni ya uongo. Ijaze mpaka mwisho kwa programu ya H2testw kabla ya kuiamini. Diski ya pili yenye nakala haikai nyumbani kwangu kabisa. Iko kwa dada yangu Ujiji, naifuata kila mwisho wa mwezi.

UPS ya kawaida, kile kiboksi cha kushikilia umeme ukikatika, yenye betri ya volti 12 inatosha kwa mashine ndogo namna hii, ila chomeka na ruta humo humo, la sivyo seva itakuwa hai na hakuna simu inayoifikia. Wenye sola wananiuliza kuhusu vile vikompyuta vipya vyenye prosesa ya Intel N100. Vingi vinatumia volti 12, ni vizuri sana, lakini usikiunganishe moja kwa moja na betri: jua likiwaka, betri inayochajiwa hupita volti 14. Weka kati yao kifaa cha kushikilia volti 12.

Joto na vumbi: iinue kutoka sakafuni, isigusane na ukuta, feni ipulizwe kila baada ya miezi miwili wakati wa kiangazi.

Kabla hujahamishia picha hata moja, zima UPS na uchomoe kila kitu ukutani. Hesabu dakika moja, chomeka tena na uwashe UPS, kisha usiguse chochote. Simu yako ikiiona seva bila wewe kubonyeza kitufe chake, rudia mara mbili zaidi, ndipo uanze kuhamisha mafaili.